Kohoa Nisikie

Kwetu homa si ugonjwa. Muulize mtu yeyote kuanzia Nyamarambe mpaka Ogembo, atakuambia yuko mzima kabisa, ni homa tu, huku kamasi zimefika mdomoni na macho yamemwiva. Ugonjwa ni ule unaokulaza. Kama bado unaweza kuchuma majani chai, kubeba mkungu wa ndizi na kugombana na jirani juu ya mpaka, wewe si mgonjwa, na usitusumbue. Nimeolewa kwenye ukoo ambao watu wake hulima na homa, husafiri na homa, na mmoja wa mashemeji zangu alifunga ndoa na homa. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bwana harusi mwenyewe akapiga chafya tatu mfululizo. Tulicheka hadi mchungaji naye akashindwa kujizuia. Nina hakika nusu ya wageni walirudi nyumbani na homa ile pamoja na kipande cha keki.

Tena homa haitoki kwa mtu. Hilo nalo lifahamike. Homa hutoka kwa mvua, kwa maji baridi, kwa vumbi, kwa maua ya mahindi, kwa kuoga ukiwa na jasho, kwa kulala dirisha wazi, na kwa mabadiliko ya hewa, ambayo ndiyo hulaumiwa wengine wote wakikosa ushahidi. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule sokoni Nyamarambe. Kutwa nzima nawazungushia watu tepu kifuani, nao wananipumulia usoni na kunipigia chafya shingoni, kisha wanasema, "Pole fundi, ni hii baridi." Kesho yake nikiamka pua imeziba, mama mkwe wangu ananiambia nimejitakia, natembea bila sweta. Sweta! Mtu amenimwagia homa shingoni kama maji ya kunawa, halafu kosa ni la sweta.

Wakati wa korona tulinyooka kidogo. Ukikohoa kanisani, benchi zima linahama. Mwaka ule hakuna mtu kilimani kwetu aliyekuwa na homa, wote walikuwa na mzio wa vumbi. Mama mkwe wangu alimeza kikohozi kimoja kutoka wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, akatoka nje machozi yakimtiririka, na wenzake wakadhani Roho amemshukia. Hakuwakosoa. Barakoa zilipokwisha tukarudi kwenye salamu zetu za mikono miwili, zile za kumshika mtu na kumuuliza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja kabla hujamwachilia.

Yote haya nilikuwa nayacheka hata mimi, hadi mwaka juzi, wiki ya makambi.

Lakini lazima kwanza nimweleze baba mkwe wangu. Sisi humwita Tata, ndiyo baba kwa lugha yetu. Alikuwa amepita miaka sabini na tano, mwenye chai yake, ndizi zake na maneno machache. Mimi na yeye tumetenganishwa na kitu tunachokiita chinsoni. Kwa Kiswahili naweza kusema ni heshima, naweza pia kusema ni aibu, na sitakuwa nimekosea kokote. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hakioni kitanda chake, hamgusi. Yeye naye haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe inyeshe, atasimama uani alowe. Kutoka nyumba yangu hadi yake hazifiki hatua arobaini, na kwa miaka kumi na mmoja Tata hakuwahi kujua viti vyangu vina rangi gani.

Kwa hiyo nilimjua kwa kofia na kwa kikohozi. Kofia hakuivua mbele yangu hata siku moja. Kikohozi ndicho alichokitanguliza kila alipokaribia upande wangu: anafika kwenye mgomba wa kwanza, anakohoa mara mbili, ili kama nimefunua kichwa nijifunike, kama nimekaa vibaya nikae vizuri. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa hodi yake. Mara nyingine alikohoa akiwa mbali kabisa, anapita tu kwenda kwenye chai, nami nikajua Tata amepita na yu mzima.

Hata makoti yake nilimshonea bila kumpima. Mimi ninayepima vifua vya wanaume wa soko zima! Alikuwa anamtuma mama mkwe na koti kuukuu: "Anataka lingine kama hili." Nalifumua, nakata jipya kwa kufuata vipande vya lile la zamani. Nilimshonea matatu, na yote yalikuwa watoto wa koti moja, kifua inchi arobaini na nne. Nilijua nina baba mkwe mkubwa, mwenye mabega.

Makambi yetu watu wa Sabato huwa mwezi wa nane, baridi ikiwa imekolea. Waumini wa kilima kizima huhamia kwenye uwanja wa shule, hema likasimamishwa, wakalala madarasani wamebanana na kuimba midomo wazi mpaka Jumamosi. Wakirudi wote wanapiga chafya, na kila mwaka hulaumiwa matope.

Jumapili ya wiki ile Tata alianza kupiga chafya kabla hata ya makambi. Jumatatu mama mkwe alifunga godoro lake, akawachukua wanangu wawili, akaniachia maagizo akiwa ameshafika njiani.

"Ni homa tu. Mpe uji wa wimbi, mpe chai ya strungi ya tangawizi. Maziwa usimpe."

"Kwa nini nisimpe maziwa?"

"Yanaongeza makohozi. Wewe kwenu hukufunzwa chochote?"

Kwetu ni upande wa Nyamira, na mama mkwe wangu anaamini kwamba upande ule wote hatukufunzwa chochote. Mimi nilibaki kwa sababu ya sare, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kwa kuwa soko hulala wiki hiyo niliihamishia cherehani barazani kwangu nikashonea nyumbani. Mume wangu alikuwa Narok anakofundisha. Tukabaki wawili, mimi na mtu nisiyeruhusiwa kumwona akiwa amelala.

Tukajipanga. Sebuleni kwake naruhusiwa kufika. Chumba chake kilikuwa na pazia tu, la maua, hakuna mlango. Nilikuwa naweka kikombe kwenye kigoda karibu na pazia, nagonga kigoda kwa kijiko, kisha natoka mbio. Nikiwa nje namsikia anatoka, anakunywa, anashukuru Mungu na kurudi kitandani. Kama hukujua ungedhani nalisha simba.

Wanawe na binti zake wakaanza kutibu kwenye kundi la familia la simu. Shemeji wa Nairobi akasema kitunguu saumu, punje tatu, zimezwe nzima. Wifi wa Kericho akasema limau na asali. Mwingine akasema apigwe sindano. Sindano ya nini? Sindano, basi. Mume wangu akasema ajifukize majani ya mkaratusi. Hakuna aliyeuliza mzee ana nini, maana ilishajulikana ni homa, iliyobaki ilikuwa kushindania dawa. Mimi nilipika vyote. Chumba kile cha pazia kilinuka jiko na duka la dawa kwa pamoja.

Sasa utamwuguzaje mtu usiyemwona? Nilibuni njia yangu. Asubuhi, mchana na jioni nilikuwa naingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, nasimama chini ya dirisha lake la mbao nikiwa nimeligeuzia mgongo kwa heshima, na kusema, "Tata, kohoa nisikie."

Mara ya kwanza alicheka. "Sasa umekuwa daktari wa ukuta?"

"Kohoa tu, Tata."

Akakohoa. Nikaandika kwenye kundi: kikavu, cha juu juu. Jumatano kilikuwa kimelowana kidogo. Alhamisi kilitoka chini kabisa, kizito, kikamwacha anatweta. Nikaandika hivyo hivyo. Wakajibu kwamba vizuri, ikitoka chini ni kwamba inatoka. Jioni nikamwekea strungi kwenye kigoda, nikagonga, nikasikia anasema kwa sauti ndogo, "Iache hapo."

Ijumaa niliamka kukiwa kimya. Nilisimama uani na mswaki mdomoni nikasikiliza. Kimya. Nikaandika: leo hakohoi. Kundi lililipuka, nakuambia. Asante Yesu, mikono ya kuomba, vikaragosi vinavyocheza. Shemeji akasema aliwaambia kitunguu saumu ni kiboko. Wifi akamuuliza kwani limau nani aliitaja. Wakaanza kuzozana kabisa, watu wazima wenye nyumba zao, nani amemponya baba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi pamoja nao. Nilikaa kwenye cherehani nikashona sketi tatu, za marinda mengi, nikiimba.

Ilipokaribia saa nne nilimpelekea uji. Kwenye kigoda nilikuta strungi ya jana, kikombe kimejaa, mdudu ameshazama. Nilitoka nikazunguka dirishani.

"Tata, kohoa nisikie."

Kimya. Nikaligeukia dirisha, nikaweka sikio kwenye mbao. Alikuwa anapumua haraka haraka, pumzi fupi fupi, kama mbwa aliyetoka kukimbia. Tata atanisamehe, lakini ndivyo.

"Tata, uko sawa?"

Akanijibu kwamba ng'ombe wameingia kwenye shamba la wimbi, nimwite kaka yake aje awatoe. Kaka yake alizikwa kabla sijaolewa.

Nilimpigia mume wangu. "Usiingie," akasema. Ndilo neno lake la kwanza, simlaumu, lilimtoka kama chafya. "Ngoja nimpigie mama." Simu ya mama mkwe ilikuwa imezimwa, yuko hemani anahubiriwa. "Basi ngoja nimtafute baba mdogo." Baba mdogo naye yuko makambini, anaimba besi. Nilikimbia nyumba ya kwanza, kufuli. Ya pili, kufuli na mbwa. Kilima kizima kilikuwa kimeenda kumtafuta Mungu, kikaniachia mimi mgonjwa. Nyumba ya tatu ni ya jirani wetu Mkatoliki, mwendesha bodaboda, nikamkuta anaosha pikipiki yake.

Alikuja mbio, mikono ina povu. Alifika mpaka sebuleni, akalitazama pazia, akasimama.

"Mimi siwezi kuingia hapo."

"Wewe ni mwanamume!"

"Baba yangu na mzee walipashwa tohara msimu mmoja. Huyo ni baba yangu. Mtoto haingii chumba cha baba yake kumkuta amelala. Ingia wewe."

"Mimi ni mke wa mwanawe!"

"Ala! Kweli." Akajikuna kichwa. "Tutafute bibi mzee wa umri wake."

"Bibi gani? Wote wako makambini!"

Basi tukasimama, watu wazima wawili wenye afya na miguu yetu yote minne, mbele ya kitambaa cha maua ambacho paka angekipita bila kufikiri. Tulibishana kwa adabu. Tulizungumza kwa sauti ya chini ili tusimsumbue. Na nyuma ya kitambaa ile pumzi ilikuwa inaenda, inaenda, ikisimama kidogo, inaenda. Iliposimama mara ya pili nilihesabu kimoyomoyo, nikafika sita kabla haijaanza tena. Nilijua kabisa nikiingia sitatoka nikiwa mke yule yule wa boma lile. Watasema nilimwona. Watasema mpaka wanangu waje kuolewa. Niliogopa sana, sitaki kudanganya.

Nikavuta pazia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kofia. Alikuwa amelala nayo! Karibu nicheke. Blanketi tatu, na juu yake koti langu la tatu, yote ya kutoa jasho la homa, na kando ya kitanda sufuria yangu ya majani ya mkaratusi imepoa. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Nilifunua blanketi na chini yake shuka lilikuwa limelowa, na halikuwa jasho tu. Nilimvua suruali nikamvalisha nyingine. Nimeandika, basi, potelea mbali.

Lakini si hilo lililonitoa machozi. Nilijiandaa kumburuta mwanamume wa inchi arobaini na nne. Nilipomkumbatia kumkalisha, mikono yangu ikamzunguka ikakutana mgongoni na kupishana. Mkono wa fundi haudanganywi, alikuwa thelathini na nane, labda pungufu. Mbavu zilihesabika. Huyu mtu alikuwa amekonda miaka mingi, ndani ya makoti niliyomshonea mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa maana sote tulikuwa tunamheshimu.

"Njoo umshike!" nilimwita jirani. Akaingia akiwa amefumba macho, akagonga kidole kwenye mguu wa kitanda, akatukana, akamwomba Tata msamaha, akamwomba na Bikira Maria. Tulimtoa. Tulimpakia kwenye pikipiki mshikaki, jirani mbele, Tata katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kwa mikono miwili, kifua changu mgongoni mwake, kofia yake puani mwangu. Miaka kumi na mmoja sijamgusa kidole, na sasa nimembana hivyo hadharani kutoka kwetu mpaka kituo cha afya. Kila mara pikipiki iliporuka shimo nilimwambia sikioni, "Tata, pumua." Njiani tulipita watu wawili wakichuma chai. Walisimama wakatutazama mpaka tukapotea kwenye kona.

Daktari alikuwa binti mdogo, mchangamfu, mwenye sauti ya watu waliozoea kupigiwa kelele. Alimbana Tata kidole na kidude, akakitazama, akaacha uchangamfu. Wakamwekea hewa ya mtungi puani, wakampa dawa ya mshipani. Nimonia, akasema. Homa imeshuka mapafuni.

"Kwa nini hamkumleta jana?"

"Jana alikuwa anakohoa vizuri. Leo asubuhi ameacha, tukadhani amepona."

Alinitazama. "Mama, mzee akiacha kukohoa si kwamba amepona. Amechoka. Hana tena nguvu ya kukohoa."

Akaendelea kuandika. "Nani mwingine nyumbani alikuwa na homa?"

"Hakuna," nikasema. Kisha nikakumbuka. "Mimi nilikuwa na kahoma kidogo wiki iliyopita. Ya soko."

"Basi ndiyo hiyo. Homa hutoka kwa mtu. Kwako ilikuwa kidogo, kwa mzee inakuwa nyingine."

Nilitaka kumwambia haiwezekani. Kwamba mimi na huyu mzee hatusalimiani kwa mikono, kwamba hatuli meza moja, kwamba tunapita mbali mbali kama barabara mbili zisizokutana. Halafu nikaviona vikombe. Vikombe vyangu, vijiko vyangu, uji nilioupuliza upoe kabla ya kuupeleka. Miaka yote ile nimekaa nje ya pazia kwa adabu, na homa yangu ilishaingia chumbani mle kabla yangu, bila hata hodi. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya suruali. Ile ya suruali ilikuja kujulikana na kila mtu, hii sikumwambia mtu yeyote.

Jioni wanaume wa ukoo walifika wakachukua zamu, nami nikarudi nyumbani kwa miguu. Jirani aliniapia kwamba hatasema neno. Kufikia asubuhi ya Sabato kilima kizima kilikuwa kinajua, pamoja na rangi ya suruali.

Mama mkwe alirudi jioni ya Sabato hiyo na homa yake ya makambi, pua nyekundu, sauti imekwisha. Alikuwa ametokea kituo cha afya. Aliketi kwenye kigoda kile kile.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sweta mbili. Na kofia."

"Na chini?"

Nikalitazama pazia. Akapenga kamasi kwenye leso yake, taratibu, upande mmoja na upande wa pili.

"Ungeniita."

"Simu ilikuwa imezimwa, mama."

"Ungengoja."

"Angekufa."

"Najua," akasema. "Lakini ungengoja." Kisha akalia, na mimi nikalia, na hatukuambiana tunalilia nini.

Tata alirudi baada ya siku nane, anatembea kwa fimbo. Na hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza. Hakukohoa tena. Hakupita upande wangu. Alitafuta njia ya kuzunguka nyuma, kwenye migomba, mzee anayetweta, akapanda mteremko wote ule ili asipite mbele ya baraza langu. Nikimpelekea uji, mama mkwe anaupokea mlangoni. Mume wangu aliniambia kwa simu nisijali, wazee watakaa kikao, litaisha. Kikao cha kusema nini? Kwamba mzee yu hai kimakosa? Nilimkasirikia, nikamkasirikia Tata, nikajikasirikia mimi na vikombe vyangu. Kila asubuhi nilitega sikio, nikijua ni ujinga. Nilikitamani kile kikohozi cha mara mbili kwenye mgomba wa kwanza.

Wiki ya pili nililikuta koti lake limeanikwa kwenye kamba. Nikalitoa, bila ruhusa ya mtu. Nilifumua mabega, nikakata kifua, nikapunguza mikono, sikushika tepu hata mara moja. Mikono yangu ilikuwa inakumbuka. Nilipiga pasi nikampa mama mkwe. Aliligeuza ndani na nje, akanitazama, akaondoka nalo. Sabato iliyofuata nilimwona Tata kwa mbali anaelekea kanisani. Koti lilimkaa sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alionekana mdogo, na alionekana mtu. Hakugeuka.

Homa ya makambi ya mama mkwe ilikuwa bado inatembea nyumbani. Iliwapitia wanangu, na wiki ya tatu ikanifikia mimi. Nilijitahidi siku mbili kwenye cherehani, maana si ugonjwa, ni homa tu. Siku ya tatu ikanilaza. Watoto walikuwa shule, mama mkwe amepeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia. Nje kulikuwa na wingu zito la saa nne asubuhi. Nililala nimejifunika gubigubi, naumwa mpaka nywele.

Nikasikia kikohozi. Mara mbili, kwenye mgomba wa kwanza.

Mkono wangu uliruka wenyewe kutafuta kitambaa cha kichwa, ingawa nilikuwa kitandani kwangu, nyuma ya ukuta na mlango. Fimbo ilikuja ikigonga chini, ikapita baraza, ikazunguka nyumba, ikasimama chini ya dirisha langu. Kitu kikawekwa chini kizito. Kigoda. Alikuwa amebeba kigoda chake.

"Mama wa watoto."

"Tata."

"Nasikia una homa."

"Ni homa tu, Tata."

Manyunyu yakaanza kugonga mabati. Nilimsikia anaketi, anajisogeza ukutani, anashusha pumzi ile ya mtu aliyepanda mlima.

"Tata, mvua hiyo. Rudi nyumbani, utapata homa."

"Homa haitoki kwa mvua," akasema. "Hutoka kwa mtu. Kwani wewe hukumsikia yule binti? Mimi nilikuwa nimelala, masikio hayakuwa yamelala."

Alijua. Tangu siku ile kwenye kile kitanda cha kituo cha afya alijua ni homa ya nani, na hakumwambia mkewe, wala wanawe, wala kikao. Nilitaka kumwomba msamaha, maneno yakakwama kwenye kamasi. Mvua ikaongezeka, na nyumba yangu yenye viti vikavu ilikuwa hapo hapo mgongoni mwake, na mlango wake hangeweza kuupita.

"Basi," akasema kutoka nje. "Kohoa nisikie."

Nikakohoa.

"Tena."

Nikainuka nikakaa, nikashika kifua, nikakohoa kwa nguvu zangu zote, ili asikie vizuri.